Ndugu wa Tumbo Moja: Mzio wa Chakula Unatengenezewa Wapi?

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ama baad. Vijana wenzangu, wazazi wetu, na wewe unayesoma ukurasa huu huku ukisubiri adhana ya Magharibi. Maneno haya niliyasema mara ya kwanza baada ya swala ya Alasiri, mbele ya vijana wa mtaani kwetu, nikaombwa niyaandike ili yawafikie na walioko majumbani. Nimeyaacha karibu na vile nilivyoyasema. Ukiona mahali nimezungumza kama tuko barazani, niwie radhi.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Ramadhan ya mwaka 2016, nikiwa kidato cha kwanza, tulikuwa tumekaa mkekani tunafuturu. Si unajua mambo ya mwezi huu, sahani haikai nyumba moja. Inatoka kwenu na sambusa, inarudi na kaimati. Siku hiyo kwa jirani ilitoka halua, nyeusi, nzito, imejaa korosho. Mdogo wangu wa kike, wakati huo ana miaka sita, akatia kipande mdomoni kisha akakitoa. "Inaniwasha ulimi," akasema. Mimi kakake, ambaye nilijiona nimeshasoma, nikamwambia: "Wacha kudeka. Chakula cha jirani hakirudishwi. Kula." Akala. Korosho aliitema kando ya sahani, halua akaimeza.

Tulipotoa salamu ya Magharibi alikuwa anatapika. Midomo imefura, mgongoni mmejaa vimbe nyekundu, na kifua kinapiga mluzi. Halati akasema ni jicho la mtu. Nyanya akamshika kichwa akaanza kumsomea. Ami akaja mbio na glasi ya maziwa, manake tumezoea kusema maziwa yanaua sumu. Wote walikuwa wanampenda yule mtoto na kila mmoja alifanya alichokijua. Mamangu ndiye aliyetoka nje akasimamisha tuktuk, na nyanya akaendelea kumsomea humo ndani ya tuktuk mpaka hospitali, maana kumsomea mgonjwa hakuzuii kumpeleka kwa daktari. Alipigwa sindano ya adrenalini pajani, na baada ya dakika chache pumzi ikarudi. Alhamdulillah. Kisha daktari akauliza, "Amekula nini?" Tukasema halua. "Ina nini ndani?" Watu wazima wote wakatazamana. Mimi peke yangu nilijua, kwa sababu niliiona ile korosho kando ya sahani.

Swali lililonikaa kichwani ni hili: kitu alichokitema, kilimfikia vipi? Jibu sikulipata mpaka nilipofika chuo kikuu, na sehemu moja ya jibu hilo wanasayansi wenyewe hawakuipata mpaka mwaka 2020. Ndilo ninalotaka kukueleza leo.

Tuelewane kwanza juu ya neno. Mzio, au aleji kama tunavyosema mitaani, si sumu wala chakula kibovu. Halua ile tuliila sote na mimi nikaongeza. Vilevile, si kila tumbo linalokataa chakula lina mzio. Wako wengi wetu tukifuturu kwa glasi mbili za maziwa baridi, usiku kucha tumbo linanguruma. Hiyo mara nyingi ni kwamba utumbo hauna nguvu ya kutosha ya kuvunja sukari ya maziwa. Inakera, na kwenye swafu ya Tarawehe inaaibisha, lakini haikati pumzi. Mzio ninaouzungumzia ni kazi ya kinga ya mwili, ile ile inayotulinda na maradhi.

Kinga hiyo ina silaha nyingi, na moja yake ni kingamwili. Hizi ni protini ndogo sana zenye umbo la herufi Y. Mikono yake miwili ya juu hushika kitu maalumu, kama kufuli na ufunguo wake. Mguu wake wa chini ndio unaoamua itafanya kazi gani baada ya kushika. Kwa mguu huo zimegawanywa makundi matano, nayo yakapewa herufi: IgM, IgD, IgG, IgA na IgE. Wewe shika mbili za mwisho tu, A na E. Kisa chetu ni chao.

IgA ndiye mwenyeji wa matumboni. Mwili hutengeneza gramu kadhaa za IgA kila siku, kuliko makundi mengine yote ukiyajumlisha, na nyingi yake humwagwa ndani ya utumbo. Fikiria ni vitu vingapi vigeni tunavimeza kila siku: ng'ombe, samaki, ngano, mayai, vijidudu vya kila aina. IgA ni kama bawabu mpole. Anavishika kabla havijapenya ukuta, anavizuia, vinapita zao. Hapana kelele, hapana uvimbe.

IgE ni kinyume chake. Katika damu ni chache mno. Kwa IgE moja unaweza kukuta makumi ya maelfu ya IgG, na hiyo IgE ikibaki damuni hudumu siku mbili tatu tu. Lakini yenyewe haipendi kubaki damuni. Hutafuta seli zinazoitwa seli za masti, ambazo zimejipanga ndani ya ngozi, kwenye njia za pumzi na kwenye kuta za tumbo na utumbo. Inajichomeka juu yake, na hapo inaweza kukaa kwa wiki kadhaa, inasubiri. Seli ya masti imejaa vifuko vya kemikali, na histamini ni mojawapo. Siku chembe ya protini ya korosho ikija ikashikwa na IgE mbili zilizo karibu kwa wakati mmoja, seli ile inavimwaga vifuko vyake. Mishipa midogo ya damu inavuja, ndio ule uvimbe. Misuli ya njia ya pumzi inabana, ndio ule mluzi. Tumbo linajikunja, mtoto anatapika. Presha ikishuka, analegea mikononi mwako. Yote haya ndani ya dakika. Na hakuhitaji korosho nzima, protini iliyoyeyuka ndani ya halua ilitosha.

Kwamba jambo hili limo mwilini na si tabia ya mtu anayedeka, lilionyeshwa mwaka 1921 mjini Breslau. Mji huo wakati ule ulikuwa wa Ujerumani, leo unaitwa Wrocław na uko Poland. Daktari mmoja, Heinz Küstner, alikuwa akila samaki aliyepikwa anafura. Mwenzake Carl Prausnitz hakuwa na tatizo na samaki. (Watu wa Pwani mtamhurumia Küstner, maisha bila samaki!) Wakachukua maji ya damu ya Küstner, wakamdunga Prausnitz kwenye ngozi ya tumbo. Kesho yake pale pale pakadungwa maji yaliyotokana na samaki. Pakafura, pakawasha. Ngozi yake kwengine ilikuwa haina habari. Basi ikajulikana kuna kitu ndani ya damu ya mwenye mzio, na kitu hicho kinaweza kuhamishwa. Usijaribu nyumbani, damu ya mtu hubeba na maradhi. Kitu chenyewe kilikuja kutambuliwa mwaka 1966 na 1967, na makundi mawili mbalimbali: Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke kutoka Japani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, na Gunnar Johansson na Hans Bennich kule Uppsala, Uswidi. Mwaka 1968 wakakubaliana jina moja, IgE.

Sasa sikiliza. Kwa miaka mingi baada ya hapo, IgE ya mwenye mzio wa chakula ilitafutwa zaidi kwenye damu. Sababu ni nyepesi: damu ni rahisi kutoa, mkono unafungwa mpira, sindano, kwisha. Lakini seli zinazotengeneza IgE ni nadra sana ndani ya damu. Basi IgE hii inatoka kiwanda gani?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakatangaza mwaka 2020 walichokipata. Walichukua watu 19 wenye mzio wa njugu karanga. Mbali na damu, walichukua vipande vidogo sana vya nyama kutoka umio, tumbo, na duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba. Wakakuta seli za IgE zimejikusanya tumboni na kwenye duodeni. Na hazikuwa seli zinazopita njia. Zilikuwa seli za plazma, ambazo kazi yao ni kutengeneza kingamwili na kuimwaga, kama fundi aliyekaa kwenye cherehani yake. Kiwanda kiko pale pale chakula kinapotua.

Lakini kilichonivutia mimi zaidi ni namna walivyojua seli hizo zimetoka wapi. Sisi tuliopita madrasa tumezoea kuuliza sanad: fulani amepokea kwa nani, na yule kwa nani. Seli hizi nazo zina nasaba. Kila seli B inapozaliwa huchanganya jeni zake kwa namna yake ili kutengeneza mikono ya kingamwili yake, na mpangilio huo haufanani na wa seli nyingine, ila kwa nadra. Ikizaa, watoto hurithi mpangilio ule ule na mabadiliko madogo madogo. Kwa hiyo mtaalamu akizisoma jeni za seli mbili anaweza kusema: hawa mama yao mmoja.

Wakasoma. Na humo humo ndani ya tumbo na utumbo wakakuta ndugu, mmoja anatengeneza IgE, mwingine anatengeneza IgA. Mikono ya nasaba moja, miguu tofauti. Yaani yule bawabu mpole na yule anayepiga kelele ni ndugu wa tumbo moja, na hapa maneno hayo ni ya kweli kwa maana zake zote mbili.

Inawezekanaje? Seli B ina uwezo wa kubadilisha mguu wa kingamwili yake bila kubadilisha mikono. Ikipata ishara fulani kutoka kwa seli nyingine za kinga, hasa kemikali iitwayo interleukini 4, inakata kipande cha DNA yake na kuunganisha upya, na sasa mguu unakuwa wa E. Kipande kilichokatwa kinatupwa, hakirudi tena. Seli iliyokuwa ikitoa mikono ya kushika njugu na kuiachia ipite, sasa inatoa mikono ya aina hiyo ikiwa na mguu wa E.

Tuwe waadilifu. Watafiti wale hawakuiona seli ikigeuka mbele ya macho yao. Walisoma nasaba wakaona dalili kwamba kugeuka kunatokea pale pale tumboni. Tena watu 19 ni wachache, na mzio wao ulikuwa wa njugu, si wa korosho wala kamba. Lakini walipata jambo jingine la ajabu: wagonjwa wasio na udugu wowote walikutwa na kingamwili zinazofanana sana, zote za kushika protini moja ya njugu iitwayo Ara h 2. Kama vile watu wasiojuana, kila mmoja kwao, wameandika khati moja.

Ndio sasa turudi mkekani kwetu. Niliposoma hayo nilifahamu kwamba mdogo wangu alipotia ile halua mdomoni, mwili wake ulikuwa umeshajiandaa zamani. Neno lake la "inaniwasha" lilikuwa taarifa, na mimi nikaliita kudeka.

Mtu atauliza, mbona mmoja tu katika nyumba nzima? Sote tuna uwezo wa kutengeneza IgE. Kawaida mtoto akila chakula, utumbo wake hujifunza kukizoea na kinga inatulizwa. Mambo huharibika zaidi pale kinga inapokijua chakula kwa mlango usiokuwa wake, nao ni ngozi. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walionyesha uhusiano kati ya mzio wa njugu na watoto wenye ukurutu waliopakwa mafuta yenye njugu. Ngozi iliyopasuka inaingiza protini, na kinga inayoizunguka ikiwa imeshachafuka inasema: huyu ni adui. Akina mama wa kwetu tunaosinga watoto kwa mafuta ya kila aina, hapa tusikilize. Mtoto mwenye ukurutu asipakwe mafuta ya njugu wala ya simsim kwenye ngozi iliyopasuka.

Na mlango wa mdomo? Mwaka 2015 kundi la Gideon Lack, London, lilitoa matokeo ya watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wenye ukurutu mkali, au mzio wa yai, au vyote viwili. Nusu walilishwa vyakula vya njugu mara kwa mara, nusu wakazuiwa kabisa. Walipofika miaka mitano, waliozuiwa asilimia 17.2 walikuwa na mzio wa njugu. Waliolishwa, asilimia 3.2. Kabla ya hapo madaktari wengi wa nchi zile walikuwa wakiwaambia wazazi wamchelewesheni mtoto. Kumbe kuchelewesha ndiko kulikokuwa kukiwadhuru wengine. Lakini usinifahamu vibaya. Mtoto mchanga hapewi njugu nzima wala korosho nzima, zitamkaba. Anapewa iliyosagwa laini na kuchanganywa na uji. Na akiwa na ukurutu mkali, au ameshaonyesha dalili kwa yai, muone daktari kabla hujaanza.

Kuna jambo moja zaidi linalotuhusu sisi wa huku. IgE haikuwekwa ndani yetu ituudhi tu. Kazi yake inayojulikana ni kupambana na minyoo na vimelea, kikiwemo kichocho, ambacho watu wa Kwale hawahitaji kuelezwa na mtu wa chuo. Kwa hiyo mtu mwenye minyoo huwa na IgE nyingi damuni bila ya kuwa na mzio wowote. Kule Ghana mwaka 2013 ilielezwa kwamba watoto wa shule wengi walionekana kwenye kipimo cha damu kana kwamba wana mzio wa njugu, ilhali wanazila bila shida. IgE yao ilikuwa inashika sukari zilizoko kwenye njugu, zinazofanana na zile za vimelea vya kichocho.

Unaona hatari iliyopo? Mzazi anapeleka mtoto maabara, anarudi na karatasi yenye orodha ya vyakula kumi, na kuanzia siku hiyo mtoto hali yai, hali samaki, hali maziwa, anadhoofika. Na hakuna hata kimoja kilichowahi kumdhuru. Karatasi peke yake haitoshi. Daktari mjuzi atataka kisa kwanza: alikula nini, baada ya dakika ngapi, ilitokea nini, ilijirudia? Kisha ndio kipimo. Mimi naona kile kisa unachokihifadhi wewe mzazi kina thamani kuliko shilingi nyingi za maabara.

Sasa mambo ya futari.

Unapotuma sahani kwa jirani, mwambie mtoto anayeipeleka ataje kilichomo: "Mama anasema hii ina korosho." Maneno manne matano tu. Unapopokea, uliza bila haya. Na mgeni akisema kitu fulani sili, kinanidhuru, usimwapishe wala usimwambie kionje kidogo tu kwa ajili yangu. Ukarimu wetu una tabia hiyo ya kulazimisha, tuseme ukweli. Wala usimtolee zile korosho juu ukamwambia sasa kula, nimezitoa. Nimeshakueleza protini inayeyuka. Mafuta ya bajia yaliyokaangiwa kamba, kisu kilichokata kashata, kijiko kimoja cha vyungu viwili, vyote vinabeba.

Likitokea la kutokea, dalili za hatari ni pumzi kubana, sauti kukwaruza, ulimi kufura, kutapika mfululizo pamoja na vipele, au mtu kulegea. Dawa yake ni adrenalini, hudungwa pajani, na haraka ndio uhai. Vidonge vya aleji kama Piriton hutuliza vipele na kuwasha lakini havifungui koo, kwa hivyo usikae nyumbani kungoja vifanye kazi. Maziwa hayasaidii, na kama mzio ni wa maziwa ndio umemmaliza. Mlaze chali na miguu iinuliwe. Akishindwa kupumua akiwa amelala, mwache akae, lakini usimsimamishe wala usimtembeze. Ile kalamu ya adrenalini ya kujidunga mwenyewe si kila duka la dawa huku linayo, lakini adrenalini yenyewe ni dawa ya zamani na imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Ijue mapema hospitali iliyo karibu nawe inayofanya kazi usiku. Usiende kuitafuta njiani.

Na kama mtu amefunga, akadhurika mchana (tuseme ameonja chumvi ya mchuzi jikoni kisha akatema) asiogope kupewa dawa. Mgonjwa ameondolewa uzito na Aliyefaradhisha saumu, na siku zake atazilipa. Habari ya sindano ya pajani inafunguza au haifunguzi, waulize masheikh wako, lakini iulize kesho. Leo dunga.

Jingine nililoulizwa siku ile msikitini: je, kufunga mwezi mzima hakusafishi mzio? Ndugu yangu, saumu ina kheri nyingi, ila usimwambie mtu kwamba imemponya, ukamjaribu na korosho siku ya Idd. Seli zile za tumboni zimekaa. Mwaka 2024 Marekani iliruhusu dawa iitwayo omalizumabu itumike kwa wenye mzio wa chakula. Ni kingamwili iliyotengenezwa kiwandani, inaikamata IgE kabla haijajichomeka kwenye seli za masti. Inapunguza hatari ya kosa dogo, lakini haimruhusu mtu kula atakavyo, na ni ghali. Ziko pia kliniki zinazowazoesha watu kwa vipimo vidogo sana vya chakula kile kile, chini ya macho ya daktari. Hilo nalo si la kufanyia jikoni.

Mdogo wangu sasa ni msichana wa sekondari. Yeye hupakuliwa kwanza, kabla ya kijiko kugusa kitu kingine. Jirani yetu, Allah amlipe, hakukasirika tulipomweleza. Siku hizi akipika halua anachota ya kwake kabla ya kutia korosho, anaileta kwa bakuli la peke yake lililofungwa uzi mwekundu. Mwaka jana tukiwa kwenye daku nilimwomba mdogo wangu radhi kwa yale maneno yangu. Akacheka. Akasema halua haikumbuki, anakumbuka tuktuk, na nyanya akisoma kwa sauti mpaka dereva akawa anaitikia amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.